MOTOKAA ISHINDAYO SAFARI: JE, NDIYO ILE IUZWAYO DUKANI?

Mtu aliyeweka akiba miaka mingi, akiuza kahawa yake au kujinyima katika mshahara wake hata akapata fedha za kununua motokaa, ana haki ya kujua anunuacho. Na katika nchi ya Kenya hakuna sifa ya motokaa iyapendezayo masikio ya mnunuzi kupita hii: "Aina hii ilishinda Safari." Muuzaji huitaja, fundi huikubali, na jirani hutikisa kichwa kwa kustaajabu. Lakini ni wachache waulizao swali lifuatalo: Je, ile iliyoshinda ilikuwa motokaa kama hii hasa, au ilifanana nayo kwa jina na kwa sura tu?

Jibu la swali hili si moja. Liko jibu la mwaka 1953, liko jibu la mwaka 1985, na liko jibu la siku hizi, nalo kila moja ni tofauti na lingine. Makusudi ya makala hii ni kumweleza msomaji jinsi motokaa za mashindano zilivyoondoka dukani, zikaenda mbali, zikarudi kidogo, kisha zikaenda mbali tena. Akiisha kuyafahamu hayo ataweza kuipima sifa hiyo mwenyewe, asitegemee maneno ya mwenye kuuza.

MWANZO WAKE: MOTOKAA ZA DUKANI

Safari ya kwanza ilifanywa mwishoni mwa Mei 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo ilipita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Motokaa zilitakiwa ziwe zile zile ziuzwazo dukani, wala hazikuruhusiwa kugeuzwa. Jambo la ajabu zaidi ni namna zilivyogawanywa. Mahali pengi duniani motokaa za mashindano hugawanywa kwa ukubwa wa injini. Hapa ziligawanywa kwa bei. Motokaa rahisi ilishindana na rahisi mwenzake, na ya ghali ikashindana na ya ghali.

Kanuni hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa mwananchi. Mtu mwenye fedha chache aliweza kusoma matokeo kama asomavyo bei za sokoni, akajua kwamba katika motokaa za kiasi cha fedha zake, hii ilifika na ile ilivunjika. Mwaka huo wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa wote, ila Volkswagen ndogo ya Alan Dix ndiyo iliyopata makosa machache kupita zote. Volkswagen zilishinda tena mwaka 1954, mwaka 1957, na mwaka 1962.

Kwa nini motokaa ndogo kama hiyo ikazishinda kubwa? Sababu zilikuwa katika maumbile yake, nazo zilikuwamo pia katika kila Volkswagen ya namna hiyo iliyouzwa. Injini yake ilikuwa nyuma, juu ya magurudumu yaliyosukuma, kwa hiyo uzito wake uliyakandamiza magurudumu hayo yapate kushika katika matope. Injini ilipozwa kwa hewa, hivyo hapakuwa na rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka. Na sakafu yake chini ilikuwa bapa, ikiteleza juu ya tuta la katikati ya njia pasipo kunaswa. Mkulima aliyeinunua Volkswagen baada ya kusikia habari zake alinunua sababu zile zile za ushindi.

Vivyo hivyo yaweza kusemwa juu ya Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Safari ya 1963 iliondoka na motokaa 84, zikafika 7 tu. Ile ya 1968 iliondoka na motokaa 93, zikafika 7 vile vile. Dereva aliyeshinda mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, na motokaa yake mara zote mbili ilikuwa 404. Watu walioiona 404 ikichukua abiria na mizigo katika njia za vijijini hawakuhitaji kuhubiriwa. Waliona kwa macho yao springi zake ndefu zikimeza mashimo.

Tena kuna habari ya Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant. Walitumia Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kukimbia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Sura ya motokaa ile ilikuwa ya kizamani, na mwaka huo huo kiwanda kiliacha kuiunda. Lakini ilikuwa imeundwa kwa chuma kizuri, na dereva wake alikuwa fundi aliyeijua kila nati yake. Ushindi ule ulionyesha kwamba matunzo ya motokaa yana thamani kama upya wake.

Hata hivyo, tusiseme kwamba motokaa za siku zile hazikuguswa kabisa miaka ilivyozidi kupita. Zilifungiwa bamba la chuma chini ya injini, taa za ziada mbele, magurudumu ya akiba na tangi kubwa zaidi la petroli. Lakini vitu hivyo ni vya kuongeza nje, ambavyo mtu yeyote angeweza kuvifungisha katika gereji. Moyo wa motokaa ulibaki ule wa dukani.

KANUNI NA WENYE HILA

Pasipo ukaguzi, kanuni ya "motokaa za dukani" haina maana, na jambo hili lilionekana katika Marekani hata kabla ya Safari kuanza. Tarehe 19 Juni 1949, katika mji wa Charlotte, chama cha NASCAR kilifanya mashindano yake ya kwanza ya motokaa zilizotakiwa ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Wa kwanza kufika alikuwa Glenn Dunaway katika Ford. Wakaguzi wakatazama chini ya Ford ile, wakaona springi za nyuma zimegeuzwa kwa namna iliyotumiwa na wale waliokuwa wakisafirisha pombe ya magendo usiku, ili motokaa isiyumbe katika kona. Ushindi akanyang'anywa, akapewa Jim Roper aliyekuwa wa pili katika Lincoln. Mwenye Ford akaenda mahakamani, akashindwa.

Sasa angalia yaliyotokea baadaye. Toyota ijulikanayo kwa jina la Camry katika mashindano hayo hayo ya NASCAR ina injini ya silinda nane, nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Camry haikuuzwa kamwe kwa watu ikiwa na injini ya silinda nane, na Camry ya kawaida tuijuayo siku hizi husukumwa na magurudumu ya mbele. Chama kilichomnyang'anya mtu ushindi kwa ajili ya springi ndicho kilichokuja kuruhusu motokaa isiyofanana na ya dukani ila kwa jina na kwa sura ya uso. Wala halikuwa jambo la siku moja. Lilikuja hatua kwa hatua, kanuni moja baada ya nyingine, nayo Safari ilipita katika njia hiyo hiyo.

HESABU YA KIWANDANI

Yafaa hapa msomaji aelezwe jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa habari yote. Chama cha dunia cha mchezo wa motokaa, FIA, huandikisha kila aina ya motokaa kabla haijaruhusiwa kushindana. Katika kuandikisha huko huuliza swali kubwa: Mmeunda ngapi kama hii? Mahali pa kutakiwa nyingi, motokaa ya mashindano hulazimika kufanana na ile inunuliwayo na watu. Panapotakiwa chache, kiwanda chaweza kuunda kitu cha mashindano, kisha kikauza vichache kwa matajiri ili kutimiza hesabu.

Kwa kanuni za mwaka 1966, kundi la kwanza la motokaa za kawaida lilitaka ziundwe 5,000 katika miezi 12. Kundi la pili, la motokaa zilizoongezwa nguvu, lilitaka 1,000 tu. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari kwa Ford Escort RS1600, nao walikuwa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Escort hiyo ilikuwa na milango, madirisha na taa kama za Escort ya karani yeyote wa mjini. Lakini Escort ya karani ilikuwa na injini nyepesi ya vali nane, na ile ya Mikkola ilikuwa na injini ya namna nyingine kabisa, yenye vali kumi na sita, na bodi yake ilikuwa imetiwa nguvu kwa kuchomelewa vyuma. Ni kweli kwamba mtu mwenye fedha aliweza kuinunua RS1600. Ila si hiyo iliyokuwa imejaa barabarani.

Baadaye, mwaka 1982, yakaja makundi yaliyopewa majina ya herufi. Kundi N lilikuwa la motokaa zilizoguswa kidogo sana. Kundi A lilitaka motokaa 5,000 ziundwe, lakini liliruhusu injini na springi zitengenezwe zaidi. Na Kundi B lilitaka 200 tu.

Mia mbili! Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa motokaa za ajabu. Chukua mfano wa Peugeot 205. Ile ya dukani ilikuwa motokaa ndogo ya nyumbani, injini yake mbele, ikivutwa na magurudumu ya mbele. Ile ya mashindano, iliyoitwa 205 Turbo 16, ilikuwa na injini nyuma ya viti vya watu, magurudumu manne yote yakisukuma, na turbo, yaani kipulizio kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Mtu aliyenunua 205 kwa kuvutiwa na ushindi wa Turbo 16 alinunua uso na jina. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Katika Afrika mambo hayakwenda kama viwanda vikubwa vilivyotumaini. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 Safari ilichukuliwa na Toyota Celica ya Kundi B, yenye turbo lakini inayosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Ilikuwa nyepesi kutengenezeka kuliko zile zenye mitambo mingi, na katika njia ndefu jambo hilo lina faida.

Kundi B halikudumu. Mwaka 1986 watazamaji walikufa katika mashindano ya Ureno, na mwezi wa Mei mwaka huo huo dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteketea motoni katika kisiwa cha Corsica. FIA ikaamua kwamba tangu mwaka 1987 ubingwa wa dunia utashindaniwa na motokaa za Kundi A.

SIKU ZA KURUDI DUKANI

Katika Safari ya 1987 Mikkola alishinda tena, safari hii kwa Audi 200 quattro, motokaa kubwa ya milango minne kama ya mkurugenzi wa kampuni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa motokaa inayosukumwa na magurudumu manne kushinda Safari.

Kundi A lilileta jambo jema ambalo watu wengi hawalitambui. Kwa kuwa kiwanda kilitakiwa kuunda maelfu, kiwanda kilichotaka kushinda kililazimika kuuza kwa watu motokaa yenye turbo na magurudumu manne ya kusukuma. Hivyo zikapatikana Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Subaru na Mitsubishi Lancer za namna hiyo. Mpaka hapo desturi ilikuwa kuipeleka motokaa ya dukani mashindanoni. Sasa mashindano yalianza kuileta motokaa yake dukani.

Katika miaka hiyo, ushuhuda ulio bora kwa mnunuzi haukutoka kwa mshindi wa kwanza. Mwaka 1990 dereva wetu Patrick Njiru aliendesha Subaru Legacy ya Kundi N, iliyo karibu sana na ile ya dukani, akafika wa nane. Mwaka 1993 alifika wa kumi na mbili akiendesha Subaru Vivio, kijimotokaa chenye injini isiyofika sentimita 700 za ujazo, akashinda katika daraja lake. Mtu mwenye busara atajifunza zaidi kwa huyo wa kumi na mbili kuliko kwa wa kwanza, maana motokaa ya wa kwanza ilifuatwa na malori ya mafundi, pengine na helikopta pia, ikibadilishiwa vyombo njiani. Anayeshika njia ya Kitale na familia yake hafuatwi na helikopta.

KUONDOKA MARA YA PILI

Mwaka 1997 kanuni ziligeuzwa tena. Kiwanda kiliruhusiwa kuchukua motokaa ya kawaida iliyoundwa 25,000 kwa mwaka, kikaitia turbo na magurudumu manne ya kusukuma hata kama vitu hivyo havikuwamo katika ile iuzwayo. Kwa hiyo Ford Focus aliyoshinda nayo Colin McRae katika Safari ya 1999 na ya 2002 ilisukumwa na magurudumu manne, na Focus ya kawaida ya dukani ilivutwa na magurudumu mawili ya mbele.

Hata jina lenyewe halikuweza kuaminiwa. Mwaka 1998 Richard Burns alishinda Safari, na katika orodha motokaa yake iliandikwa Mitsubishi Carisma GT. Carisma ilikuwa motokaa ya polepole ya familia, iliyouzwa Ulaya. Aliyoiendesha Burns ilikuwa Lancer Evolution, ila ilipewa jina la Carisma ili Wazungu wa Ulaya wavutwe kuinunua. Naona mfano huu watosha kumwonya mtu yeyote.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris. Tangu mwaka 2022 motokaa za daraja la juu, ziitwazo Rally1, zimeruhusiwa kujengwa juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma, kisha kiunzi hicho huvikwa bodi yenye sura ya motokaa ya dukani. Mwaka huo Toyota zilichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiongoza. Motokaa zao zilikuwa na injini ya silinda nne na mota ya umeme ya kusaidia, ambayo iliondolewa katika kanuni za mwaka 2025. Toyota GR Yaris inunuliwayo na watu ina silinda tatu, wala haina mota hiyo. Ukitaka kuona mashindano ya motokaa iliyo karibu na GR Yaris ya dukani, tazama daraja la chini yake, liitwalo Rally2. Injini ya Toyota ya daraja hilo imetokana na ile ile ya silinda tatu.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Basi, mnunuzi afanyeje? Asiidharau sifa ya ushindi, lakini aipime. Na aanze kwa kuuliza ilishinda mwaka gani, na katika kundi gani. Ushindi wa mwaka 1963 na ule wa mwaka 2022 ni vitu viwili mbalimbali.

Akiisha kujua hilo, aulize habari za injini: ina silinda ngapi, ukubwa gani, ina turbo au haina, na ni magurudumu yapi yasukumayo. Mambo haya yakiwa mbalimbali na ya ile iliyoshinda, basi ajue kwamba analipia jina. Siku hizi huonekana Subaru Impreza ya sentimita 1,500, isiyo na turbo, imefungwa bawa kubwa nyuma na kubandikwa karatasi za mashindano, bei yake ikapandishwa. Bawa halimwongezei mwenye nalo nguvu ya kupanda mlima, wala halimpunguzii gharama ya petroli.

Tena aulize ni motokaa ngapi za aina hiyo zilizofika mwisho, mbali na ile ya kwanza, na ziliendeshwa na nani. Motokaa iliyofika katika mikono ya mtu asiye na mafundi wa kiwanda ndiyo yenye ushuhuda wa kweli.

Neno la mwisho aliulize kijijini kwake, kwa fundi wa jirani: vyombo vyake vyapatikana, na kwa bei gani? Swali hili halina kombe wala tarumbeta, lakini ndilo litakaloamua kama motokaa itafika sokoni mwaka wa tano tangu inunuliwe.

Mashindano ni mchezo mzuri, nao umewaletea sifa Nowicki, Joginder, Njiru na wengine wengi wa nchi hii. Tuyatazame, tuyashangilie. Ila siku ya kuhesabu shilingi mezani, tuikumbuke methali ya watu wa pwani, ambao nao wanajua safari ni nini: "Usisafirie nyota ya mwenzio."